Mpange kwa Kiwango, Kundi Lisiwe la Kudumu

Msikilizaji, kumpanga mtoto darasani kwa kiwango chake ni kumsaidia, mradi kundi hilo lisiwe la kudumu. Mwaka 2005, magharibi mwa Kenya, shule nyingi za msingi za umma ziliongezewa mwalimu wa darasa la kwanza. Katika baadhi ya shule hizo, watoto waligawanywa kwa alama zao. Waliokuwa mbele walipanda alama. Waliokuwa nyuma nao walipanda. Watafiti waliofuatilia shule hizo walieleza kwamba mwalimu aliweza kuanzia pale watoto walipofikia.

Wapo wanaosema mtoto wa kundi la chini atajiona mjinga. Hofu hiyo ni ya haki. Mtoto akiitwa mzito kila siku, mwishowe ataamini. Lakini tukimwacha akiukodolea macho ubao asioweza kuusoma, tutakuwa tumemtupa. Kundi liwe la kusoma na kuhesabu tu. Lipewe mwalimu mahiri. Watoto wapimwe tena kila muhula, na anayeweza apande. Mzazi, nenda shuleni. Uliza: mwanangu yuko kundi gani? Anafundishwa nini? Atapimwa tena lini? Kumbuka: apangwe kwa kiwango chake, na kundi lisiwe la kudumu.