Treni ya Sumaku na Daftari la Hesabu

(Maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi)



Nimeombwa niseme machache juu ya treni ya sumaku. Mimi si mhandisi bali ni mkaguzi, kwa hiyo nitaitazama kwa jicho la mkaguzi.

Aliyewahi kushika sumaku mbili anajua kuwa huvutana au husukumana. Hiyo ndiyo asili ya chombo hiki. Nguvu ya sumaku huiinua treni juu ya njia yake na kuipeleka mbele. Na kwa kuwa hakuna gurudumu linalosuguana na reli, mwendo wake huwa mkubwa mno. Mjerumani Hermann Kemper alipewa hataza ya wazo hili mwaka 1934. Huko Shanghai, China, treni ya namna hii huchukua abiria tangu mwaka 2004 katika njia ya kilometa 30. Nchini Japani, treni ya majaribio ilifikia kilometa 603 kwa saa mwaka 2015.

Basi, mbona haijaenea duniani? Jibu limo katika daftari la hesabu. Treni hii haiwezi kutumia reli zilizopo. Njia yake yote sharti ijengwe upya. Ujerumani ilikusudia kuijenga München, lakini makadirio yalipopanda kutoka yuro bilioni 1.85 hadi kupita bilioni 3, mradi ukafutwa mwaka 2008. Ujenzi wa njia ya Tokyo hadi Nagoya ulianza mwaka 2014, kwa matumaini ya kufunguliwa 2027. Tarehe hiyo ikaahirishwa. Sababu mojawapo ni mkoa wa Shizuoka, ambao kwa miaka kadhaa ulikataa kutoa kibali cha kuchimba handaki, kwa hofu ya kupunguza maji ya mto Oi yanayotegemewa na wakulima na wenyeji.

Wapo watakaosema kuwa watu wa Shizuoka walipinga maendeleo. Mimi sioni hivyo. Treni ingepita chini ya milima yao bila kituo hata kimoja mkoani mwao. Waliuliza swali ambalo mwanachama hodari huuliza katika mkutano mkuu: faida ni ya nani, na hasara itamwangukia nani?

Ndugu wajumbe, chama kiletewapo mtambo mpya, kisitazame kasi yake tu. Kidai makadirio kamili kabla ya kutia sahihi, nayo yasomwe mbele ya wanachama wote. Mali bila daftari huisha bila habari.