Jina la Kwanza Kwenye Karatasi



Mwaka 1943, katika chumba cha chini ya ardhi kwenye Chuo cha Rutgers, Marekani, kijana wa miaka 23 alikuwa akilala maabarani. Chupa zilichemka usiku kucha. Alichora mstari mwekundu kwenye kioo, ili mlinzi wa zamu akiona kimiminika kimeshuka chini ya mstari, amwamshe. Kijana huyo, Albert Schatz, alikuwa mwanafunzi wa uzamivu anayelipwa dola 40 kwa mwezi, na huko chini ndiko alikoipata streptomaisini, dawa ya kwanza ya antibayotiki kukitibu kifua kikuu. Msimamizi wake, Selman Waksman, alikuwa na ofisi ghorofani.

Januari 1944 makala ilitoka na majina matatu: Schatz, Elizabeth Bugie, Waksman. Ukiishia hapo utasema haki imetendeka, mwanafunzi katangulia na mkubwa kafunga safu. Kumbe mambo yalikuwa kwenye hataza ya dawa. Bugie hakutajwa humo kabisa. Schatz alitajwa, kisha akasaini kukabidhi haki zake kwa dola 1, akiamini kuwa mwalimu wake naye hapati kitu. Baadaye akagundua kuwa mwalimu anapokea mrabaha. Alimshtaki mwaka 1950, wakapatana mwaka huohuo: Schatz akatambuliwa kuwa mgunduzi mwenza na kupewa asilimia 3 ya mrabaha. Mwaka 1952 Tuzo ya Nobel ikaenda kwa Waksman peke yake.

Watetezi wa Waksman husema kazi ilikuwa yake. Kijana alitumwa tu. Hoja hiyo siibezi. Maabara ile ilikuwa imechambua vijidudu vya udongo kwa miaka mingi kabla ya Schatz, na njia aliyoifuata aliikuta. Lakini kutumwa hakufuti jasho. Wahariri wa majarida ya tiba wamekwisha kuliweka wazi: kutafuta fedha na kusimamia kwa jumla, peke yake, hakumfanyi mtu kuwa mwandishi.

Hapa kwetu tatizo huanza kwa sauti ya upole. “Nisaidie kuchakata hizi data.” “Niandikie rasimu ya ombi la fedha.” Mwanafunzi atakataaje, na sahihi ya tasnifu yake iko mkononi mwa anayeomba? Wahenga walisema mkubwa ni jaa. Vyuoni, jaa mara nyingi ni mwanafunzi. Suala la majina huja kuulizwa siku makala inatumwa, wakati wa kuuliza ulishapita siku kazi ilipogawiwa.

Nami nimechelewa kujifunza. Siku hizi, kabla sijamkabidhi mtu kazi, tunaandika ukurasa mmoja: nani atafanya nini, jina la nani litakaa wapi, kazi ikibadilika tutakaa tena lini. Mwanafunzi mmoja aliusoma, akacheka: “Profesa, kwani tunauziana kiwanja?”

Nikamwambia ndiyo, na alete shahidi.