Gari la Kifahari Halijauzwa Mpaka Jina Libadilike

Maelezo kwa wakazi wa Lukenya kuhusu kununua na kuuza magari ya kifahari yaliyotumika, kwa mtu binafsi au kupitia yadi



Mtu akisimama kando ya Barabara ya Mombasa jioni, kati ya Athi River na Kyumbi, ataona Prado, Mercedes na Range Rover zikikata kona kuingia njia za murram kuelekea mlimani. Nyingi kati ya hizo hazikununuliwa zikiwa mpya. Zilishuka melini Mombasa zikiwa zimetumika Japani au Uingereza, au zilinunuliwa kwa mtu aliyekuwa akiziendesha hapa hapa nchini.

Kwa familia nyingi, gari la aina hiyo ndiyo mali yenye thamani kubwa baada ya shamba na nyumba. Shamba likiuzwa, watu huenda kwa wakili, hukagua hati ardhi na kuita mashahidi. Gari la mamilioni ya shilingi huuzwa kwa simu tatu na kupeana mikono kwenye kituo cha petroli. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: ni heri kumwendea mwenye gari mwenyewe, au kwenda yadi? Njia zote mbili ni halali, na kila moja ina faida na gharama yake. Linalomlinda mtu katika njia zote mbili ni kujua mambo mawili: jina la nani liko kwenye rekodi, na pesa zinaingia mkononi mwa nani.

Anayeuza

Chukua mfano wa baba mmoja mkazi wa Lukenya anayetaka kuuza Prado yake ili amalizie nyumba. Tuseme bei anayoitarajia ni shilingi milioni 4. Ana njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuiuzia yadi moja kwa moja. Atalipwa haraka, lakini atalipwa pungufu, kwa sababu mwenye yadi lazima apate faida, alipe kodi ya uwanja na avumilie gari likikaa miezi bila mnunuzi. Njia ya pili ni kuiacha yadi imuuzie kwa niaba yake, kisha yadi ichukue kamisheni. Njia ya tatu ni kutafuta mnunuzi mwenyewe. Huenda akapata bei yote, lakini kazi yote ni yake: kupokea simu za madalali, kufungulia wageni geti, kutoka na watu asiowajua kwenda kujaribu gari, na kuhakikisha pesa zimeingia.

Tuseme amechagua njia ya tatu. Mnunuzi amelipa, amepewa funguo na logbuku, na akaahidi kwamba jina atalibadilisha wiki ijayo. Miezi miwili baadaye Prado hiyo inagonga mtu karibu na Kyumbi na dereva anatoroka. Polisi wanapotafuta namba ya usajili, jina linalotokea ni la yule baba.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema katika kifungu cha 8 kwamba mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake ndiye atahesabiwa kuwa mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Anaweza kuthibitisha, ndiyo, akiwa na mkataba na ushahidi wa malipo. Lakini atafanya hivyo mbele ya mahakama, kwa gharama ya wakili wake, kuhusu gari ambalo pesa zake zilishaisha kwenye mabati na saruji.

Kifungu cha 9 cha sheria hiyo kinampa muuzaji siku 7 kumjulisha msajili jina na anwani ya mmiliki mpya. Gari lenyewe haliruhusiwi kuwa barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa kama mmiliki mpya hajasajiliwa. Kwa hiyo kumsaidia mnunuzi kubadilisha jina ni kinga ya muuzaji mwenyewe.

Uhamisho hufanyika kupitia akaunti za eCitizen katika huduma za NTSA. Mwenye gari huanzisha uhamisho kwa akaunti yake, na mnunuzi huukubali kwa akaunti yake na kulipa ada, ambayo hutegemea ukubwa wa injini. Anayeuza asimpe dalali wala mwenye yadi nywila ya akaunti yake, hata akiambiwa ni kwa ajili ya kumrahisishia kazi. Mwenye nywila hiyo anaweza kuhamisha gari kabla senti moja haijalipwa.

Yadi na gari la kuuziwa kwa niaba

Faida ya yadi ni kwamba mnunuzi anaona magari kumi mahali pamoja na anaweza kulinganisha. Pia ana mlango wa kurudi kugonga mambo yakiharibika. Na kuna faida ya kisheria ambayo wengi hawaijui.

Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kila muuzaji, awe jirani au mfanyabiashara, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba ana haki ya kuuza kitu hicho. Hicho ni kifungu cha 14. Lakini suala la ubora, kifungu cha 16, halimbani kila mtu kwa namna moja. Linamhusu hasa anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo. Anayeuza magari kila siku anaweza kudaiwa kwamba gari lililingane na kazi yake na liwe katika hali inayostahili kuuzwa. Jirani anayeuza gari lake moja hana mzigo huo. Kwake, mnunuzi asipouliza na asipokagua, hasara ya injini mbovu kwa kawaida ni yake mwenyewe. Hata kwa mfanyabiashara, aliyekagua gari hawezi kulalamika juu ya kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuionyesha.

Hata hivyo, si kila gari lililoegeshwa yadi ni la yadi. Baadhi yadi imeyaagiza na kuyalipia ushuru. Mengine yameletwa na wenyewe yauzwe kwa niaba yao. Hapa ndipo watu wawili wanaweza kuumia kwa gari moja: mnunuzi anamlipa mwenye yadi, mwenye yadi anatumia pesa, na mwenye gari anakataa kuhamisha jina kwa sababu hajaona chochote. Mnunuzi ana gari bila jina, muuzaji ana jina bila gari wala pesa.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mnunuzi yadi liwe: hili ni gari la nani? Likiwa la mtu mwingine, mwenye gari aitwe, atie sahihi mkataba, na malipo yaingie akaunti yake, huku yadi ikilipwa kamisheni yake kando. Anayeacha gari yadi naye awe na mapatano ya maandishi yanayotaja bei ya chini asiyokubali kushuka, kamisheni, muda wa gari kukaa hapo, na nani atagharamia likikwaruzwa au likiibwa. Logbuku ibaki kwake, na asitie sahihi fomu yoyote iliyoachwa wazi.

Anayenunua

Mnunuzi aanze na rekodi kabla ya kuangalia rangi. Kupitia eCitizen, mtu yeyote anaweza kulipia utafutaji wa taarifa za gari kwa kutumia namba ya usajili. Jina analoliona lilingane na kitambulisho cha anayeuza, na namba za chasisi na injini zilingane na zilizo kwenye gari lenyewe. Muuzaji akisema gari ni la shemeji yake aliye ng'ambo, shemeji apatikane au biashara isimame.

Jambo la pili ni deni. Magari ya bei kubwa mara nyingi hununuliwa kwa mkopo, na jina la benki huwekwa pamoja na la mmiliki. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana juu ya Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, kuna pia sajili ya dhamana ambamo wakopeshaji huandikisha mali waliyoishikilia. Utafutaji kwenye sajili hiyo ni gharama ndogo ukilinganisha na kuamka asubuhi na kukuta gari linavutwa kwa deni la mtu mwingine.

La tatu ni ushuru. Nairobi ina balozi na mashirika ya Umoja wa Mataifa ambayo wafanyakazi wao wanaostahili huingiza magari bila ushuru. Gari kama hilo likiuzwa kwa raia wa kawaida, ushuru hudaiwa. Bei ikionekana ya chini ajabu, mnunuzi aombe uthibitisho wa malipo kutoka KRA kabla ya kufurahi.

Kisha gari lenyewe. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari dogo lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Hivyo anayetaka gari la kifahari la miaka 12 kwa bei nafuu atalipata kwa mtu aliyelitumia hapa, na barabara za hapa zimekwisha kulifanyia kazi yake. Kinachofanya bei ishuke ni gharama ya kulitunza. Bei ya kununua hupungua kwa miaka, lakini vipuri vya gari lililouzwa ghali likiwa jipya hubaki ghali.

Mfano mzuri ni magari yanayobebwa na mifuko ya hewa badala ya springi, kama Range Rover nyingi. Mnunuzi amwombe mwenye gari aliache limeegeshwa usiku kucha. Likikutwa asubuhi limeinama pembe moja, huenda kuna mfuko unaovuja. Injini iwashwe ikiwa baridi, kwa sababu milio na moshi mwingi hujificha injini ikishapata moto. Muuzaji aliyeipasha moto kabla ya mgeni kufika aulizwe kwa nini.

Lukenya yenyewe ni uwanja mzuri wa majaribio. Kwenye lami ya Barabara ya Mombasa, mnunuzi asikilize jinsi giaboksi inavyobadilisha gia. Kwenye murram kuelekea mlimani, asikilize kugongagonga chini ya gari. Baadaye fundi anayelijua gari la aina hiyo aliunganishe na mashine ya kusoma hitilafu. Fundi awe wa mnunuzi, si wa dalali. Chama cha Magari, AA Kenya, nacho hutoa huduma ya ukaguzi na tathmini ya bei. Mita ya kilomita isiaminiwe peke yake, kwa kuwa inaweza kurudishwa nyuma. Rekodi za gereji, uchakavu wa pedali na usukani, na tarehe zilizo kwenye tairi husema zaidi.

Pesa na funguo

M-Pesa hairuhusu zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na hundi nchini Kenya haipaswi kufika shilingi milioni 1. Kwa gari la mamilioni, njia sahihi ni uhamisho wa benki kwa benki, RTGS, kutoka akaunti ya mnunuzi hadi akaunti ya mtu ambaye jina lake liko kwenye rekodi. Noti kwenye begi ni hatari kwa pande zote mbili, hasa kwenye njia za Lukenya zisizo na watu wengi. Watu wakutane mchana, benki au kwa wakili, na kila mmoja aje na mtu wake. Ujumbe wa simu kwamba pesa zimetumwa hautoshi. Muuzaji athibitishe na benki yake kwanza.

Mkataba uandikwe hata kama anayenunua ni rafiki wa kanisani. Utaje majina, namba za vitambulisho na PIN za KRA, namba ya chasisi, bei, kasoro zinazojulikana, na siku na saa ambayo gari limekabidhiwa. Saa ni muhimu, kwa sababu ajali haisubiri kesho. Bima ya muuzaji haimfuati mnunuzi, hivyo mnunuzi awe na bima yake kabla ya kushika usukani.

Mambo yakiharibika

Usajili wa magari ni kazi ya serikali ya kitaifa kupitia NTSA. Lakini Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la leseni za biashara na mwenendo wa haki katika biashara. Kwa hiyo yadi inayofanya kazi katika kaunti inapaswa kuwa na leseni ya biashara, na mteja ana haki ya kuiona leseni hiyo kabla ya kuacha gari au pesa. Palipo na ulaghai, ripoti ipelekwe kituo cha polisi mara moja. Palipo na mgogoro wa fedha usiozidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza kesi hata bila wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60.

Yule baba wa mfano angeweza kuuza kwa jirani au yadi, na kote kote akapata pesa za nyumba yake na usingizi wake. Kilichokosekana ni dakika chache kwenye eCitizen kabla ya kuachilia funguo. Siku ya kuuza, pesa zionekane kwenye akaunti, jina lihamishwe, ndipo mkono upeanwe.