Chombo cha Mche

(Maneno yaliyosemwa na Kamati ya Vitalu mbele ya wanachama, katika sikukuu ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu)



Tulipotakiwa kusema machache leo, huenda wengine walidhani tutasimulia habari za tani na bei. Habari hizo Katibu amekwisha kuzieleza vyema kuliko tuwezavyo sisi. Sisi twapenda kuanza na maua yaliyo mlangoni pa ofisi yetu.

Kila aingiaye kuuliza malipo yake huipita migadenia miwili. Mmoja una majani ya kijani yenye kung'aa, na maua yake meupe hunukia hata ndani mezani kwa karani. Wa pili ni manjano. Hutoa vitumba, navyo huanguka kabla ya kufunguka. Yote miwili ilitokana na vipandikizi vya mti mmoja, ikatiwa maji na mtu mmoja kwa kopo moja. Kwa muda mrefu tulimlaumu mtu huyo, naye hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la chombo.

Mgadenia wa kwanza umo katika chungu cha udongo uliochomwa, chenye tundu chini. Wa pili tuliutia katika beseni la saruji, zuri la kutazamwa. Saruji hutoa chokaa kidogo kidogo kila ipatapo maji, hali mgadenia hupenda udongo wenye uchachu. Chokaa ikizidi, madini ya chuma huwamo udongoni lakini mizizi haiwezi kuyafyonza, na majani hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Tena beseni lilikuwa kubwa mno kwa mche mdogo: maji yalikaa mahali pasipo na mzizi wa kuyanywa, hata mizizi michache iliyokuwako ikaanza kuoza. Ahamishaye mgadenia na achague chungu kinachozidi kile cha zamani kwa upana wa inchi 2 hivi, basi. Na wale wanaotandaza kokoto chini ya chungu wakidhani maji yatatoka upesi, wajue kwamba maji husita juu ya kokoto mpaka udongo uliojuu yake ulowe kabisa. Dawa ni tundu.

Mtauliza, wakulima wa kahawa wana haja gani na ua la Wazungu? Kwanza, si la Wazungu. Asili yake ni Mashariki ya Asia, Uchina ikiwa mojawapo. Jina tu ndilo la daktari Alexander Garden, Mskoti aliyekaa Charleston, Marekani, katika karne ya 18. Pili, mgadenia ni ndugu ya mbuni. Wataalamu wa mimea huiweka katika ukoo mmoja, na yeyote aliyepita shambani asubuhi ile mibuni ichanuapo atakubali bila kuonyeshwa cheti.

Sasa twafika kwenye jambo lililotuleta hapa, ambalo halijapata kusemwa mbele ya mkutano wowote.

Mwaka 2018, uliokuwa mwaka wa tatu wa Chama, Kamati hii ilinunua viriba vifupi vya miche. Kina chake kilikuwa inchi 6. Bei ilikuwa rahisi, na kila kiriba kilikula udongo kidogo, nasi tukajisifu kwamba tumeokoa fedha za wanachama. Mbuni mchanga hushusha mzizi mkuu upesi. Ulipogusa chini ya kiriba haukupata njia, ukajikunja, ukazunguka kama kamba ndani ya ndoo. Juu hapakuonekana kitu: miche ilikuwa na majani mazuri, tukaigawa masika bila wasiwasi. Mzizi uliojikunja haujinyoshi wenyewe baada ya kupandwa. Kiangazi cha 2021, mibuni ilipobeba matunda yake ya kwanza, ile ya viriba vifupi ilinyauka hali ya jirani imesimama. Wengine wenu mliambiwa kwamba hamkuweka matandazo, wengine kwamba mmepanda vibaya. Baadhi ya walioyasema hayo ni sisi. Kisha tuling'oa miti kadhaa, tukaona mizizi yake, tukanyamaza. Twaomba radhi kwa yote mawili, na kunyamaza kwetu ndiko kunakotuuma zaidi.

Siku hizi kitalu hakipokei kiriba chenye kina kisichofika inchi 9, wala upana usiofika inchi 5 kikiwa bapa, na lazima kiwe na matundu ubavuni sehemu ya chini. Mwaka 2019, Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, wengine walihofu kwamba viriba navyo vimekatazwa. Vifungashio vya kilimo viliachwa nje ya katazo lile. Hata hivyo, kiriba kikishavuliwa kisitupwe mferejini. Asiye na kiriba aweza kufuma chombo cha magamba makavu ya mgomba, mradi kina kiwe kile kile, naye awahi kupanda kabla hakijaoza. Kopo la bati twalikataa: hushika joto la jua mpaka mizizi ya pembeni ikaungua, na kuutoa mche humo bila kuvunja donge la udongo ni kazi ya bahati.

Siku ya kupanda, kata sehemu ya chini ya kiriba pamoja na udongo wake, kadiri ya inchi moja, kwa kisu kikali. Ukiona ncha ya mzizi imeanza kupinda, ikate papo hapo; itatoa mingine inyokayo. Ukiona umejizungusha, utupe mche, hata kama majani yake yanapendeza macho.

Halmashauri imekubali kwamba kila aliyepanda miche ya kitalu chetu mwaka 2018 atapewa mingine bila malipo masika ijayo, mti kwa mti. Daftari la ugawaji liko kwa karani, na majina yote yamo. Mwenye miti hiyo asiing'oe peke yake. Aje atuambie, nasi tutafika shambani kwake na jembe letu, tuing'oe pamoja naye, aione mizizi kwa macho yake.