MALIPO YA MKUPUO NA UHAKIKI WA KAYA: MSTAAFU AJIWEKE TAYARI VIPI?

(Yafuatayo ni maelezo ya Ofisa Habari wa Wizara aliyoyatoa mbele ya watumishi wa Serikali, wastaafu na wakaazi wa Kata ya Mandewa, Manispaa ya Singida. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa manufaa ya watumishi na wakaazi wa Unguja na Pemba.)

Ndugu Mwenyekiti,
Watumishi wenzangu,
Wazee wetu wastaafu,
Mabibi na Mabwana,

 

Huenda wapo watakaojiuliza, mtu wa Visiwani amefuata nini Singida, kuja kuzungumza habari za pensheni? Jawabu ni kwamba mifuko yetu ya hifadhi ya jamii ni mbali mbali. Sisi Zanzibar tunao ZSSF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, na nyinyi mnao NSSF na PSSSF. Lakini TASAF ni moja kwa pande zote mbili za Muungano. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza mwaka 2012, na kipindi chake cha pili kilichozinduliwa Februari 2020, uliingia katika mitaa ya Singida kama ulivyoingia katika shehia za Micheweni na Makunduchi. Kwa hivyo suala linalomsumbua mstaafu wa Mandewa ndilo hilo hilo linalomsumbua mstaafu wa kwetu.

Suala lenyewe ni hili: mtu akishachukua fedha zake za uzeeni, nini hutokea katika nyumba yake pale uhakiki wa misaada ya Serikali unapobisha hodi?

Ndugu Wananchi,

Kwanza tuangalie mkupuo wenyewe. Kwa kikokotoo kilichoanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Julai 2022, mstaafu alilipwa asilimia 33 ya mafao yake kwa mkupuo, na asilimia 67 ikabaki kuwa pensheni ya kila mwezi. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza Bungeni kuwa mkupuo utapandishwa hadi asilimia 40 kwa wale ambao mifuko yao ya zamani ilikuwa ikiwalipa asilimia 50, na asilimia 35 kwa wale waliokuwa wakilipwa 25. Mjadala wa kikokotoo umekuwa mrefu na mkali, na si kusudio langu kuurejea leo. Nataka tuitazame hesabu tu.

Tuchukue mfano wa mtumishi aliyetumikia miaka 30, yaani miezi 360, na wastani wa mshahara wake ukawa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya mwaka 2022, mkupuo wake ulikuwa kiasi cha shilingi 30,724,000, na pensheni yake kiasi cha shilingi 415,860 kwa mwezi. Ukigawa mkupuo huo kwa pensheni hiyo, utaona kwamba fedha alizopokea kwa siku moja ni karibu sawa na pensheni ya miezi 74, yaani miaka sita na ushei. Basi mwenye kuzimaliza katika mwaka mmoja na nusu ajue kuwa ameila miaka sita ya uzee wake.

Aidha, katika kanuni hiyo kila shilingi iliyokatwa katika pensheni ya mwezi ililipwa katika mkupuo kwa hesabu ya miaka 12 na nusu. Kwa aliyestaafu na miaka 60, hesabu hiyo hufika ukingoni akiwa na miaka 72 na nusu. Atakayejaaliwa kuishi zaidi ya hapo, na tunawaombea wengi, atakuwa akiikosa ile sehemu aliyokwisha kuichukua mapema.

Vijana nao wasidhani maneno haya ni ya wazee peke yao. Fao la kujitoa lilipoondolewa mwaka 2012 palizuka malalamiko makubwa, khasa kwa wafanyakazi wa migodini. Sheria ya mwaka 2018 ikaweka mafao ya kukosa ajira badala yake. Mwanachama aliyechangia miezi 18 au zaidi akapewa theluthi moja ya mshahara wake kwa muda wa miezi sita. Miezi sita hupita upesi, na anayepokea mafao hayo bila ya mpango hujikuta mahali pale pale alipo mstaafu aliyemaliza mkupuo.

Ndugu Mwenyekiti,

Sasa nije kwenye uhakiki. Misaada ya fedha haifanani, na kila msaada una mlango wake.

Kwetu Zanzibar ipo Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Pensheni hii haiulizi mzee ana mali kiasi gani. Uhakiki wake unataka kujua kuwa mzee yu hai, kuwa umri umetimia na kuwa ni mkaazi. Aliyewahi kuchukua mkupuo hana la kuhofia hapo.

Wenzetu wa Kenya, katika Inua Jamii ya wazee wa miaka 70 na zaidi iliyopanuliwa mwaka 2018, waliweka mlango mwengine: mzee anayepokea pensheni ya Serikali hakukusudiwa. Huko Uingereza, ambako wapo ndugu zetu wengi, msaada uitwao Universal Credit huhesabu akiba yenyewe. Mwenye zaidi ya pauni 16,000 hapewi, na aliyezitapanya kwa makusudi ili apate msaada huhesabiwa kama bado anazo.

TASAF haikufuata njia yoyote kati ya hizo. Kaya ziliteuliwa na wananchi wenyewe katika mkutano wa hadhara, kisha dodoso likajazwa. Dodoso huangalia yale yanayoonekana na kuulizika: nyumba imeezekwa kwa nini, sakafu yake ni ya nini, kuna mali na mifugo gani, wategemezi ni wangapi. Fedha iliyopita mkononi haiandikwi katika dodoso, ila alama iliyoiacha huandikwa.

Na hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Tuseme yupo bibi mzee hapa Mandewa anayelea wajukuu wawili, naye ni mlengwa wa TASAF. Mwanawe anastaafu mjini, anarudi nyumbani na mkupuo. Kwa mapenzi ya mzazi anaondoa tembe na kujenga nyumba ya matofali yenye bati, ananunua pikipiki, na zinazobaki anazitia katika alizeti. Mvua ya mwaka huo haitoshi. Pikipiki inauzwa ili kulipa deni. Mwaka wa pili wahakiki wanafika, wanaliona bati liking'ara, na kaya inahesabiwa kuwa imehitimu. Bati ni la kweli, lakini ndani ya nyumba hiyo chungu hakina kitu. Ruzuku iliyokuwa ikija kila baada ya miezi miwili, ikanunua madaftari ya wajukuu na kuwafanya wasikose skuli, imekatika.

Nani mwenye makosa hapo? Mwana hakufanya dhambi kumjengea mama yake. Wahakiki nao wameandika walichokiona. Kilichokosekana ni maelezo. Hapakuwa na mtu aliyeweza kuonesha kwa karatasi kwamba fedha ile imekwisha, na imekwisha kwa njia gani. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hivyo, ndugu zangu, naomba kutoa nasaha zifuatazo:

1. Kabla ya kupokea mkupuo, mstaafu aombe Mfuko wake umpe hesabu kwa maandishi: mkupuo kiasi gani, pensheni ya mwezi kiasi gani, na itaanza lini. Akae na mkewe au mumewe na watoto wake wakubwa, waisome pamoja. Pensheni ya mwezi ndiyo ya chakula, mkupuo usipangiwe kazi hiyo.

2. Mkupuo usitumike wote kwa mara moja. Sisi sote, Waislamu na Wakristo, tunakijua kisa cha Nabii Yusuf na miaka saba ya neema iliyofuatiwa na miaka saba ya njaa. Yusuf hakuwakataza watu kula; aliwaamrisha waweke akiba wakati ghala zimejaa. Hati fungani za Serikali hununuliwa kuanzia shilingi 1,000,000, na anayejiepusha na riba anaweza kuuliza katika benki zenye huduma za Kiislamu. Biashara asiyoijua mtu wakati wa ujana wake asiianze kwa fedha zote akiwa na miaka 60.

3. Kila matumizi makubwa yaandikwe: tarehe, kiasi, na kazi iliyofanyika. Risiti za matofali, bati, matibabu na ada ziwekwe pamoja na taarifa za benki. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile inayotuagiza kuandika madeni yetu, kwa hivyo kuandika si kutoaminiana. Siku ya uhakiki daftari hilo litamsemea hata mzee asiyejua kujieleza.

4. Kaya itajwe kama ilivyo. Wanaokula chungu kimoja ni kaya moja. Wanaoishi na kupika mbali mbali kwa kweli ni kaya mbili, na waseme hivyo. Lakini chungu kinachogawanywa asubuhi ya uhakiki na kuunganishwa tena jioni ni udanganyifu. Majirani wanajua, na mkutano wa mtaa nao utajua. Aliyedanganya katika dogo hatasadikiwa katika kubwa, na anayeumia ni yule mzee na wajukuu.

5. Hali ikibadilika, taarifa itolewe mapema kwa Mtendaji wa Mtaa au kwa Sheha, pamoja na kamati ya jamii inayosimamia walengwa. Ikiwa mstaafu amehamia kwa mzazi wake, isemwe. Ikiwa fedha imekwisha kwa maradhi au kwa ukame, isemwe pia, na karatasi zioneshwe. Taarifa iliyotolewa kabla ya uhakiki ni maelezo. Inayotolewa baada ya kukatwa huonekana kama utetezi.

6. Aliyeondolewa asinung'unike barazani tu. Upo utaratibu wa malalamiko unaoanzia katika kamati ya jamii na kupanda hadi kwa waratibu wa Halmashauri. Kwetu Zanzibar uratibu umekuwa chini ya Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais. Lalamiko liandikwe, liwe na tarehe, na mlalamikaji abaki na nakala yake.

7. Mstaafu asiuchanganye uhakiki wa kaya na uhakiki wa wastaafu wenyewe. Mfuko wa pensheni una haki ya kuthibitisha kuwa mpokeaji yu hai, na asiyejitokeza kwa wakati husimamishiwa malipo. Mzee asiyeweza kutembea atolewe taarifa na jamaa zake mapema.

Ndugu watumishi wenzangu,

Neno langu la mwisho linatuhusu sisi wenye kalamu. Uhakiki ni wa lazima. Kaya zisizostahili zilikwisha kuonekana katika orodha na kuondolewa kwa maelfu, na kila shilingi iliyokwenda kwao iliondolewa katika sahani ya masikini wa kweli. Lakini mhakiki aliyesimama mlangoni akaliona bati na kugeuka, amefanya nusu ya kazi yake. Aingie ndani. Aulize jana walikula nini na kesho watakula nini. Asiulize tu mstaafu alipokea ngapi, bali aulize zimebaki ngapi, na ampe nafasi ya kuonesha. Daftari alilonalo mzee na saa moja ya subira ya mtumishi vikikutana, haki hupatikana bila ya mtu kugombana na mtu.

Mstaafu alikwisha kulitumikia taifa. Tusimwache ajifunze mambo haya siku ambayo jina la mama yake limefutwa katika orodha. Nawaomba kila mmoja wenu, leo atakaporudi nyumbani, amwambie mzee mmoja aliye jirani yake maneno matatu: andika, sema mapema, na weka nakala.

Namuomba Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na utulivu, na sisi tulio njiani kuelekea huko atupe busara ya kujiandaa.