Je, Uislamu Unahitaji Mageuzi?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana baada ya sala ya tarawehe)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Swali nililopewa ni fupi: je, Uislamu unahitaji mageuzi? Sisi Wakenya neno mageuzi tunalijua vizuri. Tumelisikia katika siasa tangu miaka ya 1990, kila mtu akiyadai na kila mtu akiwa na maana yake kichwani. Kwenye dini mambo ni hayo hayo. Kwa hivyo kabla ya kujibu ndiyo au la, tumgeukie muulizaji tumuulize: wataka kugeuza nini? Na gharama yake ataibeba nani?

Hilo la gharama lishike, ndugu yangu, maana ndilo ninalotaka uondoke nalo usiku huu.

WANAOULIZA

Wanaouliza swali hili ni watu wa aina tatu. Wa kwanza ni mwenzako wa chuo kikuu asiyekuwa Mwislamu. Amesikia habari za mabomu na risasi, na anakuuliza kwa nia safi, au kwa uchungu wa mtu aliyempoteza. Wa pili ni msomi wa nchi za nje asemaye kwamba Uislamu bado unangojea Martin Luther wake. Wa tatu yuko msikitini kwetu. Huyo anasema dini imejaa uzushi na lazima isafishwe. Ukimwambia anataka mageuzi atakasirika, lakini hebu msikilize, anachokitaka ni hicho hicho.

Tuanze na huyo wa Luther. Mwaka 1517, huko Ujerumani, Luther alisimama kupinga uuzaji wa vyeti vya msamaha wa dhambi, na baadaye akayapinga mamlaka ya Papa. Sasa sisi hatuna Papa. Hatuna cheti cha msamaha kinachouzwa. Toba yako ni baina yako na Mola wako, haipitii ofisi ya mtu. Halafu wanaotupa ushauri huu husahau yaliyofuata. Ulaya iliingia katika mapigano marefu ambamo dini ilikuwa ndani yake, yakiwemo yale ya miaka 30, kutoka 1618 hadi 1648. Mtu akikuletea dawa, ni haki yako kuuliza ilimfanya nini mgonjwa wa kwanza.

Lakini tusijifiche nyuma ya jibu hilo. Kukosa Papa hakutufanyi kuwa malaika. Luther wa watu tukimweka kando, bado swali linabaki mezani petu.

DINI NA UFAHAMU WA DINI

Tulipokuwa chuoni tunasoma juzuu Amma, mwalimu alitufundisha kutenganisha vitu viwili: wahyi, na ufahamu wa wanadamu juu ya wahyi. Qur'ani imehifadhiwa, hakuna wa kuongeza wala kupunguza. Ufahamu wetu ndio unaoingia kutu, na kila kutu inataka kusuguliwa.

Wala jambo hili halikuletwa na wageni. Msamiati wake tunao wenyewe. Tuna neno islah, maana yake kutengeneza kilichoharibika. Tuna neno tajdid, maana yake kuhuisha. Ipo hadithi aliyoipokea Abu Daud, yenye maana kwamba kila mwanzo wa miaka mia Mwenyezi Mungu huuletea umma huu mwenye kuihuisha dini yake. Basi dini ambayo Mtume wake amewatabiria watu mhuishaji kila karne, vipi iliogope neno islah?

Sisi wa pwani hii wengi wetu ni Shafi. Je, wajua habari za Imam Shafi mwenyewe? Alizaliwa mwaka 150 Hijria. Alipokuwa Iraq alitoa rai zake katika fiqhi. Kisha akahamia Misri, akakuta watu wengine, ada nyingine na elimu ambayo hakuwa nayo, na nyingi katika rai zile akazibadilisha mpaka alipofariki mwaka 204 Hijria. Ndiyo maana katika vitabu vya madhehebu yetu kuna kauli ya zamani na kauli mpya, na zote mbili ni za mtu mmoja! Qur'ani aliyokuwa nayo Misri ni ile ile ya Iraq. Kilichosogea ni ijtihadi yake.

Kabla yake kuna Sayyidna Umar (R.A.). Katika mwaka wa 18 Hijria Madina ilishikwa na njaa kali, na inapokewa kuwa mwaka ule hakuwakata mikono walioiba. Hakuifuta aya. Aliona kwamba masharti ya adhabu hayatimii kwa mtu anayeiba kwa sababu tumbo lake ni tupu. Huo ndio ufahamu.

SHEIKH ALIYEITWA MKOROFI

Tusiende mbali sana, turudi hapa Mombasa. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa 1891. Alisoma kwa wanazuoni wa Mombasa na Unguja, akayasoma pia maandishi ya wanamageuzi wa Misri, Sheikh Muhammad Abduh na Rashid Rida. Mwaka 1930 akaanza kutoa gazeti dogo liitwalo Sahifa. Mwaka 1932 akatoa jingine, akalipa jina la al-Islah. Jina lenyewe ndilo mada yetu ya leo.

Aliandika nini? Aliwaambia watu wake mambo wasiyopenda kuyasikia. Kwamba wanafuja mali katika sherehe huku watoto hawana elimu. Kwamba wanamwiga Mzungu katika mavazi na starehe, lakini hawamwigi katika bidii ya kazi. Kwamba watoto wa kike nao wasomeshwe. Na aliyaandika kwa Kiswahili pia, si kwa Kiarabu peke yake, ili asiyekuwa mwanachuoni naye asipate udhuru. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na akafariki mwaka 1947. Njia hiyo ikaendelezwa na waliomfuata. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu tangu 1968, alitutolea tafsiri kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili mwaka 1969.

Angalia kitu kimoja katika kazi ya Sheikh al-Amin. Aliowakosoa walikuwa ni watu wa mji wake, wa tabaka lake na wa nyumba kama yake. Hakwenda kutafuta makosa kwa jirani.

WANAODAI KUTENGENEZA

Sasa tuingie penye uchungu. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, washambuliaji wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi kama mimi na wewe, na wauaji walikuwa wakiwabagua kwa dini zao. Na hao pia wanadai kuitengeneza dini! Kila kundi la namna hiyo husema linaurudisha Uislamu katika usafi wake wa asili.

Qur'ani imeshatutahadharisha. Mwanzoni kabisa mwa Suratul Baqara, aya ya 11 na ya 12, Mwenyezi Mungu anatueleza habari za watu ambao wakikatazwa kufanya ufisadi katika ardhi hujibu kwamba wao ni watengenezaji tu. Kisha anasema hao ndio mafisadi hasa, ila hawahisi. Kwa hivyo, msomaji wangu, mtu akisimama na bendera ya islah usimfuate kwa sababu ya bendera. Tazama gharama anambebesha nani.

Mwaka ule ule, tarehe 21 Disemba, basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa. Washambuliaji wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki dunia. Mwalimu huyu hakungoja Uislamu mpya utengenezwe ndipo amkinge jirani yake. Ule aliokuwa nao ulimtosha. Lakini gharama aliilipa yeye, kwa mwili wake.

KIPIMO CHA NABII SHUAIB

Kipimo chenyewe kipo katika Suratu Hud, aya ya 84 hadi ya 88. Nabii Shuaib (A.S.) alitumwa kwa watu wa Madyan. Ugonjwa wao pamoja na shirki ulikuwa wizi wa vipimo: wakiuza hupunja. Alipowakataza wakamfanyia kejeli, wakamuuliza kama sala zake ndizo zinazomwamrisha wao wasifanye watakavyo katika mali zao. Akawajibu kwa maana hii: sitaki kuwakataza jambo kisha nikalifanye mwenyewe, sitaki ila kutengeneza kadiri niwezavyo.

Subhanallah! Neno ni lile lile, islah. Na sharti lake la kwanza ni kwamba linaanza kwa anayelisema.

Hebu tujipime. Sisi vijana nguvu zetu za mageuzi tunazimaliza wapi? Tarawehe ni rakaa 8 au 20. Mwezi tuufuate wa hapa au wa Makka. Yana wanazuoni wake mambo haya, na sina dharau nayo. Lakini angalia: katika mjadala wa rakaa, mimi nikishinda sipotezi hata shilingi. Ndiyo maana ni mtamu.

Sasa nikutajie mjadala unaogharimu. Mzee amefariki. Ameacha nyumba, shamba na duka, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Baada ya arubaini kaka wakubwa wanakaa kikao. Dada wanaambiwa, "Ninyi mmeolewa, mna waume zenu," au, "Tusiuvunje mji wa baba." Miaka inapita, kodi ya nyumba inakusanywa, dada hajaona senti. Akidai anaambiwa hana adabu. Na waliokaa kikao kile wanaswali safu ya mbele.

Haya yanatokea wapi katika Qur'ani? Suratu Nisaa aya ya 7 inasema wazi kwamba wanaume wana fungu katika walichoacha wazazi, na wanawake wana fungu, kiwe kidogo au kikubwa, na ni fungu lililofaradhishwa. Aya ya 11 inagawanya hesabu. Yaani hapa anayehitaji kugeuzwa si aya, ni sisi tulioikimbia.

Mtu ataniuliza, na chuo kikuu huulizwa sana: mbona mwanamke apewe nusu ya kaka yake? Mwaka 2018 serikali ya Tunisia ilipendekeza sheria ya kuwasawazisha katika mirathi, na mzozo ukawa mkubwa katika ulimwengu wa Kiislamu. Mimi ni katika wanaosema aya ya 11 iko wazi na hesabu yake haichezewi. Lakini sikiliza, ndugu yangu. Ukiitetea nusu mbele ya wasiokuwa Waislamu, kisha nyumbani ukampa dada yako sifuri, huitetei aya tena. Unatetea mfuko wako. Na fungu lako mara mbili wanazuoni wamelifungamanisha na nafaka, na jukumu la kuwalisha na kuwasitiri. Umeshika mafungu mawili. Je, na jukumu umelishika?

Sisi Waislamu wa Kenya tumeipigania haki hii. Sheria ya Urithi ya mwaka 1972 ilipotubana, tulilalamika hadi mwaka 1990 tukapewa turithi kwa sheria yetu. Katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 tulisimama kidete, na Mahakama za Kadhi zimo ndani ya Katiba, kifungu cha 170, kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Tulifunga barabara kwa maneno, "Tuachieni sheria yetu!" Basi tumeachiwa. Mbona tunaogopa kuitekeleza sebuleni?

JIBU

Kwa hivyo ukiulizwa kama Uislamu unahitaji mageuzi, jibu kwa kujiamini. Wahyi umekamilika. Ufahamu wetu unahitaji kuhuishwa siku zote, na kazi hiyo ni ya wenye elimu na uchamungu, kwa njia alizopita Imam Shafi na Sheikh al-Amin. Na tabia zetu zinahitaji islah leo, kabla ya daku.

Ramadhan hii usiku ni mrefu na nyoyo ni laini. Nakuomba mambo mawili. Kama kwenu kuna urithi haujagawanywa, mwendee mkubwa wa nyumba kwa adabu, umwambie, "Baba mdogo, twende kwa Kadhi tufanyiwe hesabu, marehemu asilale na deni letu." Na kama wewe ndiye unayefaidika na ucheleweshaji ule, anza wewe. Mpigie dada yako simu kabla ya Idi. Huenda hilo likawa zito kuliko rakaa zote 20.

Ewe Mola, tutengenezee dini yetu, ambayo ndiyo hifadhi ya mambo yetu, na utujaalie tuwe watengenezaji wa kweli, tunaoanza na nafsi zetu. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.