Maumivu na Uchungu



Kamati ilipotuomba tuseme machache katika maadhimisho haya, huenda ilitarajia habari za ujenzi na wafadhili. Hizo mtazikuta katika kurasa nyingine. Sisi ni wafanyabiashara, na masomo yetu yaliishia sekondari; hata hivyo tunaomba ruhusa kuzungumzia maumivu, kwa sababu nyumbani kwetu tuliyaelewa vibaya.

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Ba, aliugua mkanda wa jeshi mwaka uleule tuliompoteza baba. Malengelenge yalikauka, ngozi ikawa safi, lakini ubavu uliendelea kuwaka kama kaa la moto. Hakustahimili hata sari kumgusa. Sisi wanawe tuliitazama ngozi, hatukuona kitu, tukamwambia, "Ba, ni mawazo tu." Daktari akamwandikia amitriptilini. Tulisoma karatasi ya dawa, tukakuta kwamba hutibu sonona, na tukaona haya: watu watasema mama wa wenye duka amerukwa na akili. Tukavitia vidonge katika droo ya daftari za madeni, vikakaa humo miezi minne. Ba hakuuliza.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo, laiti tungeyatafakari mapema, yangetuokoa: maumivu na uchungu. Kidole kikibanwa na mlango, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye uti wa mgongo hadi ubongoni. Huko zipo sehemu zinazopima ni wapi na ni kwa ukali gani. Zipo nyingine zinazoamua jambo hilo litutese kiasi gani. Hilo la pili ndilo uchungu, nalo lina kemia yake.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, daktari wa jeshi la Marekani, Henry Beecher, aliwauliza askari waliojeruhiwa vibaya huko Italia kama walitaka dawa ya maumivu. Kiasi cha robo tatu yao walisema hawaihitaji. Beecher aliona kwamba kwa askari yule jeraha lilikuwa na maana ya kutoka vitani akiwa hai.

Lakini ubongo ulifanyaje? Mwaka 1975, huko Aberdeen, Uskoti, John Hughes na Hans Kosterlitz walitangaza kuwa wamepata enkefalini, kemikali ambayo ubongo hujitengenezea wenyewe na ambayo hufanya kazi kama mofini. Waliipata katika ubongo wa nguruwe. Kwa hilo, wanachama na majirani wote mtatuwia radhi. Mwaka 2001 Jon-Kar Zubieta na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwadunga watu wa kujitolea maji yenye chumvi nyingi kwenye msuli wa taya, huku mashine ikipiga picha za ubongo. Wale ambao mfumo huo wa mofini ya mwilini uliamka zaidi ndio waliosema maumivu hayawasumbui sana. Dawa ya nje haikuwapo. Tofauti hiyo ilionekana katika ubongo wenyewe, tena katika sehemu zinazohusika na hisia.

Basi "mawazo tu" maana yake nini? Kutoka ubongoni hushuka mishipa ya fahamu hadi kwenye uti wa mgongo, ikitumia serotonini na noradrenalini kupunguza nguvu ya habari za maumivu. Kemikali hizohizo zinahusika na furaha na huzuni zetu. Amitriptilini huziongeza. Daktari hakuwa amemwita mama yetu mwendawazimu. Alikuwa akiutibu moto wa ubavuni kwa njia ambayo huzuni nayo hupitia.

Tulirudi kwa daktari, tukakiri, naye akamwanzishia dawa upya kwa kiasi kidogo. Haikuwa muujiza. Baada ya majuma kadhaa tulimwuliza kama bado anaumwa. "Yapo," alijibu, "lakini yamehamia nyumba ya pili."

Ndipo tulipomwomba radhi kwa habari ya ile droo. Akasema alijua siku zote. Yeye ndiye aliyekuwa akifuta vumbi humo.